Namba Kumi na Saba

Siku ya tisa ya vuli, nyuma ya soko la Kongowea,
tumetega wavu. Chambo: matumbo ya papa.
Kunguru wamejipanga ukutani,
wanatusoma.

Waoga? Wahenga waliwasingizia.
Jana niliazima kanzu ya bawabu;
hawakudanganyika. Wanaujua
mguu huu wa kushoto ninaouburura.
Mwachiti anacheka: "Daktari, nani anamhesabu nani?"

Saa tatu u nusu akaingia mmoja, kinda,
kinywa ndani bado chekundu.
Nikampima bawa, nikamvisha pete.
Moyo wake ulitetema kiganjani mwangu
kama simu iliyozimwa mlio.

Nilipomwachia
hakuna aliyelia.
Ukuta mzima uligeuza shingo, ukanitazama.

Kesho tutahamia Likoni.
Mwachiti anasema
habari zangu zimeshavuka kivuko.