Kipuri Kimekwama Namanga

Nilikuja kwa wiki sita.
Mashine ya picha za mifupa, zahanati ya masista:
kufunga, kupima, kusaini, kurudi Voi.
Kipuri kimoja, kidogo kama kiganja cha mtoto,
kikakwama Namanga kwa kukosa muhuri.
Huu ni mwezi wa tisa.

Nimepanga chumba Kikuyu.
Nilipompigia mama, alinyamaza kidogo.
"Si ulisema unakwenda Tanzania?"
Ndiyo, mama. Kikuyu ya Dodoma,
ambako Mkikuyu sijamwona bado;
niko mimi tu, Mtaita, na mbuzi wa Mama Chibago
wanaotafuna kamba yangu ya nguo.

Siku ya kwanza nilimwambia mwenye duka, "Nipe maziwa."
Akanitazama kama niliyemkanyaga.
Foleni nzima ikageuka.
Binti mmoja akaninong'oneza, "Dada, sema naomba."
Naomba? Na hela ninayo mkononi?
Lakini nikaomba. Maziwa yakaja,
yakaja na habari za nyumbani, na pole ya safari, na karibu tena,
nami na haraka yangu yote ya kwetu
nikabaki nimeishika, sijui niitue wapi.

Usiku taa zikazimika. Nikatoka uani:
"Stima imepotea!"
Ndahani, mjukuu wa Mama Chibago, darasa la tano,
alifikiri sana kule gizani.
"Imepotelea ziwa gani?"
Asubuhi nikauliza mfereji uko wapi.
Wakanisindikiza hadi mtaroni, kwa heshima zote,
mimi na ndoo yangu.

Lugha hiihii, jamani,
niliyoipatia A sekondari.

Sasa najua. Maji ni Jumanne na Ijumaa,
na dumu hukaa foleni hata mwenyewe akiwa amelala.
Najua upepo wa Julai,
unaobeba vumbi la Bahi lote
na kulikunja vizuri ndani ya shuka.
Najua ugali wa uwele, rangi ya jivu,
na mlenda unaovutika toka sahanini hadi kidevuni:
nilikataa mara mbili, ya tatu nikaomba nyongeza.
(Naomba. Unasikia?)
Mbukwenyi naitamka, ila mwishoni hapo nateleza,
na akina mama wa soko la Majengo
hunisimamisha niirudie, wapate kucheka upya.

Mwezi wa tatu niliazima baiskeli nikaone zabibu, Mpunguzi.
Miiba ikatoboa magurudumu yote mawili,
saa saba mchana, kivuli hakimtoshi hata kuku.
Mwanamke akatoka shambani, jina lake Nyendo,
na sufuria ya maji, gundi, kipande cha mpira wa ndani.
Akaziba. Hakuuliza natoka wapi
mpaka upepo ulipokaa.
"Kenya? Na huko zabibu mnazo?"
Zipo. Dukani.
"Pole," alisema, na pole ile ilikuwa ya kweli,
akanijazia kofia.
Nilirudi kichwa wazi, jua likinichapa,
mkono mmoja kwenye usukani, juisi ikinitiririka hadi kiwiko,
nikiimba peke yangu kama kichaa.

Jana sanduku limefika.
Mihuri sita, magazeti ya Nairobi ya mwaka jana,
na katikati, kimelala, kile kiganja cha mtoto.
Kukifunga ni kazi ya saa mbili. Moja na nusu, nikijituma.

Leo Sista Imakulata ameniuliza mlangoni,
"Hakuna habari?"
Nyuma yake, benchini, kijana ameushika mkono wake
kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake.
Nikasema, "Bado, Sista."
Ulimi ulisema wenyewe.

Sanduku liko chini ya kitanda.
Kesho nitalifungua. Kesho alfajiri, naapa,
yule kijana nitamfuata kwao mwenyewe.

Lakini leo ni Ijumaa, bomba limeanza kukohoa,
Ndahani ananiita kwa jina, anapiga kelele,
na dumu langu ni la saba.