Mizani Ina Masikio

Mwaka wa pili wa Kiebrania bado nilisoma kwa kidole,
kulia kwenda kushoto, kama mtu arudiye kwao kinyumenyume.
Mvua ya Assam ilitwanga bati la darasa,
na Mwalimu Zothanpari, miwani imefungwa uzi,
alinasa kwenye neno moja la Amosi, hakutaka kuondoka.

"Moznaimu," akasema. "Mizani. Sikilizeni vizuri:
ndani yake zimo herufi za sikio."
Akachora ubaoni sahani mbili zinazoning'inia,
kisha, kwa kuwa hakuwa na haraka, akachora kichwa katikati.
Tukacheka. Nikaandika pembeni: hili litakuja kwenye mtihani.

Halikuja kwenye mtihani.

Lilikuja Juni, kwenye shamba la chai nilikozaliwa,
waliponituma huko kwa mazoezi ya uchungaji,
na kola nyeupe, na barua yenye mihuri miwili.
Mama, Phulmani Surin, ukanda wa kikapu ungali pajini,
aliniita "Mchungaji" kwa mzaha, akanimiminia chai ya chumvi.

Saa tisa nikamfuata bandani, majani yanakopimwa.
Foleni ya wanawake, vidole vyeusi kwa utomvu.
Karani Haldar husoma mshale kabla haujatulia:
"Ishirini na mbili. Toa mbili za maji. Toa moja ya gunia.
Kumi na tisa." Kalamu. "Mwingine."
Mama hakusema neno. Miaka thelathini na mmoja, hakusema neno.
Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye hizo kumi na tisa.

Usiku katekista Mansidh Horo akaja na taa.
"Kengele tulipewa na meneja," alisema. "Na bati hili.
Jumapili hubiri upendo. Amosi hatakimbia,
mwache alale kitabuni."
Nikamkumbuka kuhani wa Betheli. Naye alikuwa na adabu:
hakumpiga yule mchunga kondoo,
alimshauri tu akale mkate wake kwao.
Lakini mimi niende kula wapi? Kwetu ndiko huku.

Jumamosi nikanunua mjini mfuko wa mchele,
kilo tano, haujafunguliwa, nikautundika kwenye ndoana ya Haldar.
Mshale ukatikisika, ukaganda kwenye nne na robo.
"Mchungaji," akasema, "mchele wako umenyauka njiani."
Wakacheka. Kisha mmoja akanyamaza,
na wa nyuma yake,
na kimya kikarudi foleni nzima hadi mlangoni.

Nikarudi kanisani nimebeba ngurumo.
Nilikuwa natafuta kalamu, ndipo nikakishika kibaba.
Kila alfajiri, kabla ya kupika, akina mama wetu
humtengea Bwana konzi moja ya mchele;
Ijumaa tunawauzia walioishiwa, kwa kibaba hicho.
Haba na haba hujaza kibaba,
na hiki kilijaa upesi mno.
Nikakipindua. Kitako kilikuwa kimegongwa kuingia ndani,
kwa nyundo, kwa uangalifu, na mtu asiyekuwa na haraka.
Horo? Mchungaji aliyetangulia? Yule aliyemtangulia yeye?
Nauli yangu ya basi ilitoka humo.

Jumapili nilikiweka mimbarani, kitako juu, kando ya Amosi.
Ngurumo haikuja. Ilikuja sauti nyembamba
ya mvulana aliyeharibu kitu cha watu.
Nikasema: banda tutalifikia. Tuanze hapa.
Horo akaitazama kengele.
Mvua ikaanza juu ya bati la meneja,
nami sikujua aya inayofuata, ingawa nilikuwa nimeiandika.

Ndipo benchi la tatu likalia, mtu akasimama.
Mama, bila kukohoa kwanza, bila "samahani":
"Pima tena."

Sikujua anamwambia nani.
Kesho ni Jumatatu. Banda hufunguliwa saa tisa.