Shubiri Mbili

Baba alikuwa na chuma kimoja cha kupimia,
mita kamili, hakizidi hata unywele,
chenye masikio mawili ya kukumbatia vichwa vya reli
na namba iliyofutwa na viganja vya watu watatu kabla yake.
Alikiita geji. Sisi tulikiita kaka mkubwa,
maana ndicho kilicholala karibu naye
pale Landi Mawe, mvua za Aprili zikilegeza kokoto
na gengi likaitwa usiku.

Alipima kila kitu.
Kitanda: mita. Mlango: mita kasoro vidole viwili,
ndiyo sababu kabati la mama lilikaa nje wiki nzima
likinyeshewa, majirani wakilianikia soksi.
Nami nilipokuwa wa kutambaa alinilaza kando ya geji,
akamwambia mama, "Bado hajafika ng'ambo."

Shuleni, Mwalimu Nekesa alipotufundisha ukwapi na utao,
mizani minane huku, minane kule,
nilikuwa nimeshaelewa zamani:
anayechomeka silabi moja ya ziada
anapindua mabehewa.

Njia nyingine alizijua kwa kusikia.
Za mashamba ya mkonge, nyembamba kama benchi la zahanati,
vigari vikisukumwa na watu wawili wanaozozana.
Ya TAZARA, aliyosimuliwa na dereva wa Morogoro:
inaipita yetu kwa vidole vinne.
"Vinne!" Akaviweka mezani, ugali ukipoa.
"Kwa hivi tu, mzigo unashushwa Kidatu, unapakiwa upya.
Binadamu ni mbishi."

Halafu ikaja hii mpya.
Tukaenda upande wa Syokimau, geji ndani ya gazeti
kama mtu aliyebeba kambare.
Askari wa lango akauliza kama ni silaha.
"Ni mita," baba akasema.
Tukafukuzwa. Tukazunguka uzio hadi kijana mmoja wa kokoto,
Mutiso wa Kyalo, akatuonyesha palipokatika waya.
Baba akachuchumaa. Sikio moja likaketi juu ya reli.
La pili likabaki hewani.
Akatandaza kiganja kwenye pengo: shubiri moja.
Akakigeuza: shubiri ya pili.
Ndipo akagusa chuma.

Njia nzima ya kurudi alisoma lile gazeti lenye grisi,
ukurasa uleule.

Miaka miwili baadaye nikapata kazi Embakasi, kwenye kreni.
Kasha hufika kutoka Mombasa juu ya njia pana,
nami hulinyanyua, hulizungusha,
hulilaza juu ya behewa la mita, liende Malaba.
Karo ya Kavata, kodi ya nyumba, hata viatu hivi,
vyote vinatoka ndani ya zile shubiri mbili.
Nilipomwambia baba, alikaa miezi mitatu
bila kushika simu yangu.

Kisha akapiga mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri, bila salamu.
"Ile kona ya Kibera," akasema,
"tuliipanua kidogo. Unene wa sarafu.
Mita ni ya njia iliyonyooka.
Kwenye kona ukiibana, gurudumu hulia,
na likilia sana hupanda reli likaanguka nje."
Nikangoja. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.
"Baba, unaniomba msamaha?"
"Nazungumzia reli."

Sasa geji iko kwa mama. Anaikingamisha mlangoni, komeo,
inatosha na vidole viwili vinabaki.
Treni ya asubuhi ikipita, vikombe vinagongana kabatini,
yeye hageuki hata ubavu.
Nami zamu ya usiku, taa za Embakasi zikiwaka njano,
kasha likishatoka kwenye pana
na kabla halijagusa jembamba,
huliacha kidogo
lining'inie.