Kuni Tatu kwa Sura Moja

Siku kumi na tisa kabla ya mtihani
nilinunua kalamu za rangi nne, nikachora ratiba.
Kijani kusoma, nyekundu kurudia, buluu kula.
Zambarau sikuipatia kazi,
ila nilishailipia, nikaichorea mipaka.
Ilikuwa ratiba ya mtu asiyepiga chafya,
asiyepigiwa simu na mama yake kutoka Võru
kuulizwa kama soksi za sufu zimefika.
Niliibandika ukutani, nikakaa kuitazama mpaka giza.
Ndiyo yalikuwa masomo yangu ya siku ya kwanza.

Na giza la Tartu, mwezi wa Januari, halingoji kuitwa:
saa tatu asubuhi jua linachungulia,
saa tisa limeshaaga.

Usiku wa tano usingizi ulinipaa.
Nikagawa kurasa kwa siku, siku kwa saa,
saa kwa pumzi; kila hesabu iliniacha na deni.
Mwaka jana, chumbani kwa Profesa Tamberg,
niliulizwa kwa upole: entropia ni nini?
Nilijua. Niliujua ukurasa, niliujua mstari,
nililijua hata doa la kahawa lililo kando yake.
Nikafungua kinywa. Kikatoka:
"Samahani."

Hedvig, ninayepanga naye nyumba hii ya mbao
Mtaa wa Maharage (ndilo jina lake, si utani),
anasomea udaktari wa mifugo, hana muda wa kubembeleza.
Alinikuta nimeshika simu, kitabu kimelala kifudifudi.
Akaichukua simu, akaitumbukiza ndani ya buti lake la mpira,
akanionyesha kikapu: "Leo zamu yako."

Mbetula hushika moto upesi, gome lake ni karatasi tupu.
Nikawasha jiko la ukutani, nikaketi chini,
mgongo kwenye vigae, kitabu magotini.
Ukuni wa kwanza ulipoangukia majivuni
nilikuwa nimesoma kurasa saba
bila kutazama saa hata mara moja.
Nikatia wa pili.

Tangu hapo saa yangu ni hiyo.
Kuni mbili nasoma.
Wa tatu, nakifunga kitabu na kulieleza jiko
nilichoelewa, kwa sauti, kwa maneno yangu,
nikigugumia, nikirudi nyuma, nikidanganya kidogo.
Jiko halitikisi kichwa. Halisemi "vizuri sana."
Nilipokwama leo ndipo napaanzia kesho.

Jioni moja Hedvig aliketi nami, mikono ikinuka ndama,
akauliza swali la kijinga:
kwa nini chai iliyopoa haijipashi moto yenyewe?
Nikacheka. Kisha nikamjibu kwa dakika kumi na tano,
nikabaki kushangaa
mambo haya yalikuwa yamelala wapi mwaka mzima.

Ratiba? Niliiwashia moto. Karatasi nzuri ile.

Si kwamba hofu imehama.
Inakuja alfajiri kama paka wa jirani,
inanikanyaga kifua, inazunguka, inatafuta pa kujikunja.
Zamani nilikuwa naamka kuihesabia kurasa.
Sasa naiambia: jiko bado baridi, subiri.
Siku nyingine inasubiri. Jumanne haikusubiri;
nililia bafuni, nikanawa, nikaenda kupasua kuni.

Kesho, saa nne, mlango wa Tamberg.
Sura imebaki moja, ile ndefu. Nimeiacha.
Kikapuni kuni saba. Theluji inalibana dirisha.
Hedvig ameitoa simu butini; mama ameuliza tena soksi.
Nimezivaa, mama. Zinabana vidole.
Nafungua kijilango cha jiko, natia ukuni mmoja,
na huu
si wa kusomea.