Betri Kwapani

Yakutsk, nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Betri imezimia kabla ya picha ya pili.
Aitalina hapapatiki: anaichomoa,
anaitia kwapani, ndani ya koti la manyoya,
kama anayeatamia yai.

Lenzi imekwama nusu mdomo, inakoroma.
Anapuliza ukingoni; punje ya chumvi
ya samaki wa sokoni inadondoka.

Akiingia nayo ndani kioo kitatoka jasho.
Basi kaifunga kwenye mfuko wa mkate,
kaiacha mlangoni izoee joto taratibu,
kama mgeni.

Usiku kadi inagoma: imejaa.
Afute ipi?
Mia tatu za theluji, na moja ya Nyurgun
akicheka, ukungu mtupu, mkono ulitikisika.

Anafuta theluji.
Nje imebaki tele.