Kaa, Wifi

Ulitua Fort Myers na koti lako la Ohio,
manyoya hadi masikioni,
ukauliza watu wa huku Desemba wanakula nini.
Nikasema twende. Usinywe chai.

Barabara namba arobaini na moja imenyooka kama mtu aliyenuna.
Ubavuni mfereji, na mamba
wamelala ukingoni kama matairi yaliyopasuka.
Ukapandisha kioo.

Everglades City: usidanganywe na hilo neno jiji.
Nyumba zimesimama juu ya nguzo kwa kuogopa tufani,
posta ni moja,
mitego imepangwa gatini hadi inachungulia mapaa.
Kwenye mgahawa wa vitambaa vyeupe ukaanza kupunguza hatua.
Hapana. Pale utalipia kitambaa.

Twende kwa Verlene, nyuma ya pampu ya dizeli,
meza ya mbao, gazeti la juzi ndiyo sahani.
Muulize jambo moja: yamechemshwa lini?
Akisema leo, hapo hapo gatini,
mashua ikiwa bado haijafungwa kamba, toa pesa.
Akisema yaligandishwa mabichi, nunua soda uondoke,
maana gando likigandishwa bichi
nyama hugandamana na ganda, na wewe na njaa yako.

Chukua ya wastani.
Yale makubwa kama ngumi ya bondia
ni ya watu wanaopiga picha chakula.

Yakaja juu ya barafu, mekundu, ncha nyeusi
kana kwamba yametoka kupakwa piko.
"Na kaa mwenyewe yuko wapi?"
Verlene akaelekeza kidevu mtoni.
Hupimwa gando kwa rula, hukatwa, hurudishwa majini
akaote jingine. Mwaka, mwaka na nusu.
Wengine hawafiki. Hilo pia alilisema, hakulimeza.

Ndipo ukafungua darasa la fikihi:
kilichokatwa kwa mnyama aliye hai si mzoga?
Na kaa, ni wa nchi kavu au wa bahari?
Nikakwambia kaka yako alisoma kitabu kizima juu ya hilo,
akakifunga, akala kumi na mawili.
Hukucheka. Nikakutungia papo hapo:

*Kaa, wifi, kaa hapa, kaa uonje magando,*
*Na nyundo hiyo nakupa, yagonge bila vishindo,*
*Hata ukila kwa pupa, yu baridi, hana vundo,*
*Kaa kiinua gando, mambo yameshakatika.*

Sasa sikiliza. Lifunike kwa taulo, vipande visikurukie machoni.
Anza na vifundo, halafu kiganja.
Piga kama unayebisha hodi kwa mkwe:
unataka ganda lifunguke, si nyama ipondeke.
Tonge la kwanza usichovye kitu.
La pili, ule mchuzi wa haradali na mayonezi.
La tatu halina sheria.

Ulipiga la kwanza polepole.
La pili ukalipiga hadi kikombe cha jirani kikaruka.
Hapo ukasema, bila kuulizwa,
kwamba Nurdini amehama tangu mwezi wa tisa,
na makochi amechukua,
na hata kile kijiko kirefu cha pilau, wifi, kijiko!
Sikuwa na neno. Nikakusogezea mafuvu ya barafu,
nikajifanya nakamua ndimu.

Mzee wa meza ya pili akavua kofia, akaivaa tena.
Mwari akatua juu ya pipa, akatutazama kama mdai.
Haradali ilikuwa imefika kwenye manyoya ya koti;
ukalivua, ukalitupa benchini,
mara ya kwanza nakuona mabega tangu uwanja wa ndege.

Gando la mwisho ukaliinua, ukaligeuza juani.
"Mwaka na nusu?"
"Ndivyo alivyosema Verlene."
Ukalila lote, ukalamba hadi ncha ya piko,
kisha ukamnyooshea yule mama vidole viwili:
paundi mbili nyingine,
na taulo kavu.