Ukurasa wa Thelathini na Moja

Usianze na tarehe, bwana Lukeni.
Tarehe ya Lufira ni pambo la mlango:
walichonga bati moja mwaka wa kwanza
na bati lile likapiga chapa miaka kumi na mmoja
bila kuona haya.

Anza na mgongo. Pitisha kidole, hivi.
Ukikutana na pini, na pini ina kutu,
kirudishe kitabu kwenye turubai, tuzungumze ya mvua.
Toleo la kwanza lilishonwa kwa uzi wa magunia ya unga,
mishono mitatu, wa kati umelegea,
maana mshonaji, Mama Kapya wa Kamalondo,
alikuwa akinyonyesha huku anashona.

Kisha bei. Nyuma, pembeni, chini.
Makuta arobaini, wino wa kahawia.
Ukiona karatasi imebandikwa juu, ikwangue kwa ukucha:
chini ya zaire tano kuna zaire moja,
chini ya zaire moja kuna makuta themanini,
pesa zetu zimelala humo tabaka juu ya tabaka
kama udongo wa mgodini, nawe unachimba.
Ukifika chini ukakuta weupe mtupu,
jipanguse mikono.

Kisha herufi.
Musau, mpangaji, alikuwa na W sitini tu,
na Kiswahili unakijua:
watu wana watoto, wageni wanawasili,
wote wanadai W.
Zilipoisha alisimamisha V mbili, bega kwa bega:
vvatu, vvazazi, vvapendvvao.
Shuleni kule Kenya tulizisoma hivyo hivyo,
meno juu ya mdomo, mwalimu akitutandika.
Toleo la pili limeshiba W;
treni ilileta sanduku zima kutoka Ndola.

Lakini hayo yote mtu huyaghushi.
Ruashi kuna kijana ana uzi wa gunia, tena ana subira.
Kwa hiyo fungua ukurasa wa thelathini na moja.
Kitabu ni cha kufundisha barua:
barua kwa mkuu wa kazi, barua kwa mkwe,
barua ya rambirambi,
na ile iliyokichakaza, barua kwa mchumba.
Mstari wa sita. Ilipaswa kuwa *Nakungoja stesheni.*
J ikadondoka. Labda iliviringika chini ya mashine,
labda Musau alipiga chafya.
Ikatoka: *Nakungoa stesheni.*

Kung'oa. Kama jino. Kama kisiki. Kama muhogo.

Toleo la pili J imerudi kazini,
imesimama wima kama askari aliyechelewa.
Sahihi, safi, na bei yake ni ya chai.

Unauliza kama ninacho cha kwanza. Sina.
Chetu kililiwa na mchwa mwaka tuliohamia Katuba;
walianzia ukurasa wa kwanza, kama wasomaji wema.
Nilicho nacho ni hiki. Usikiguse, nitakushikia.
Barua. Mwandiko wa baba,
mtu wa tanuri la shaba na darasa la nne,
aliyenakili herufi kwa herufi asije akakosa adabu
mbele ya msichana wa Kamina aliyemwona mara moja:
*Mpenzi vvangu Mujinga, nakungoa stesheni Jumamosi.*
V mbili. J hamna.

Mama alisema aliisoma mara tatu.
Akacheka. Akaogopa.
Akafunga sufuria mbili ndani ya kitenge,
akapanda treni.
Kamina hakurudi tena ila kwa mazishi,
na kila akivua viatu mlangoni
alivikung'uta sana, kama aliyetoka shambani.

Rudisha pesa mfukoni, bwana Lukeni.
Andika kwenye daftari lako:
toleo la kwanza, nakala moja,
haina jalada, haina mshono,
hali yake: imekunjwa mara nne.
Haiuzwi.

Ila kile cha pini na kutu, ukikitaka, franka elfu mbili,
nikufungie na gazeti.
Mvua hiyo inashuka.